Mwaka Tuliomshonea Suti Papa Daudi

Habari ya kifo cha Mama Wabiwa ilinikuta Mchesi, mtaa wa Lilongwe, nikikata gauni la mteja aliyekuwa akisubiri palepale kwenye kiti. Simu ilipokatika niliendelea kukata mpaka nikamaliza upande wa mbele, maana mkono ulikuwa bado haujaelewa. Kisha nikamwomba yule mama arudi siku nyingine, nikafunga duka na kwenda Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Tulimzika mchana, jua likiwa kali. Baada ya maziko wanawake tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba tukichambua majani ya mihogo, na kama kawaida ya matanga, maneno yakatoka kwenye kilio yakaingia kwenye hadithi. Mjukuu wake, msichana aliyezaliwa kambini na ambaye anazungumza Kichewa vizuri kuliko Kiswahili, aliniuliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kumfukuza muuaji kwa makasi. Mwingine akasema hapana, ilikuwa kwa maji ya moto. Wa tatu alikuwa amesikia kwamba hakukuwa na mtu yeyote, ilikuwa picha tu. Niliwatazama nikagundua kwamba wote waliokuwa ndani ya chumba chake cha kushonea mwaka ule wameondoka, wengine Australia, wengine Kanada, wengine wako kwenye makaburi yaleyale tuliyotoka. Nimebaki mimi. Na nilipofungua mdomo ili nieleze, mabega yangu yalipanda juu yenyewe, kama yalivyokuwa yakipanda zamani zile, na macho yangu yakaenda mlangoni.

Sitaeleza nilivyotoka Bukavu, Kongo, wala niliowaacha. Hayo nimeyasema mara nyingi mbele ya meza za watu wanaoandika, na kila nilipoyasema yaliniponyoka kidogo. Nitaanzia chumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na jina langu ni Nabintu, jina ambalo kule kwetu halimshangazi mtu, lakini kambini kila aliyelisikia alijua mara moja natoka upande gani. Chumba cha Mama Wabiwa kilikuwa karibu na soko la kambi, kuta za matofali mabichi, bati juu, dirisha moja lililozibwa nusu kwa gunia. Ndani mlikuwa na cherehani za kukanyaga kwa miguu, benchi ya wateja, na meza ya kukatia ambayo mchana iligeuka meza ya kulia. Mwenyewe alikuwa mjane kutoka Fizi, kulekule Kongo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kuacha kukanyaga ili umsikie. Tulikula ugali, ambao wenyeji wanauita nsima, kwa sombe, yaani kisamvu, na mara mojamoja samaki wadogo wa Ziwa Malawi ambao wanawake wa Fizi waliwatafuna huku wakiwasikitikia, kwa kuwa hawakuzaliwa kwenye ziwa lao, Tanganyika. Maneno ya chumba kile hayakuwa na mwanzo. Mashine zilikuwa zikinguruma, mtu anasema jambo bila kuinua kichwa, mwingine analijibu baada ya kumaliza pindo. Nafikiri kelele za mashine ndizo zilizowapa ujasiri. Uliweza kusema neno zito na kulifunika hapohapo kwa mguu.

Kutoka chini ya meza ile nilikuwa nikikusanya mabaki ya vitambaa. Mengi yalikuwa ya kaunjika, yaani nguo kuukuu kutoka Ulaya tulizozifumua ili kuzishona upya kwa mtindo wa watu wa hapa. Nilianza kwa kucheza, nikishona picha kwa vipande: kibanda cha kuchajia simu, mwanamume wa kabaza, teksi ya baiskeli, akimsukumia mteja baiskeli mlimani, wasichana waliovaa jezi za timu za Uingereza wakichota maji bombani. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ilikuwa sanaa. Mama Wabiwa aliziita mapicha ya Nabintu, na aliruhusu moja itundikwe juu ya benchi ili wateja wapate kitu cha kutazama wakati tulipochelewesha kazi zao.

Siku moja ya mvua, wateja hawapo, Mama Wabiwa alieleza habari ya mtu aliyeingia nyumbani kwake Fizi pamoja na wenye silaha. Hakueleza yote, na sikumuuliza. Alisema tu kwamba mtu yule alikuwa na adabu. Alivua viatu mlangoni akavipanga sawasawa, akamwita mama, akaomba maji ya kunawa, akala chakula kilichokuwa jikoni mpaka akashiba na kushukuru. Ukope wake wa kushoto ulikuwa umelegea, jicho likawa kama limelala nusu. Baada ya kula alimchukua mume wa Mama Wabiwa, wakatoka, na waliporudi wale wengine kuchukua mbuzi, mume hakuwa nao. Alipomaliza kusema hivyo alikata uzi kwa meno. Wiki nzima ukope ule ulikaa kichwani mwangu. Nilimuuliza kama naweza kuushona. Alifikiri kwanza, kisha akajibu kwa Kiswahili cha kwetu, "Weka. Kitambaa haisemake."

Hivyo nilishona kitambaa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kushona: nyumba, mlango wazi, sufuria, viatu viwili vimepangwa, na juu yake uso wa mtu ukijaza nusu ya picha. Uso niliukata kwenye koti la kahawia la kaunjika, na ukope niliufanya kwa bitana ya koti lilelile, hariri iliyochoka, ikaning'inia yenyewe juu ya jicho bila mimi kuhangaika. Kilipokwisha nilikikunja haraka. Nilikuwa nimekishona kwa mikono yangu na sikutaka kubaki nacho peke yangu chumbani.

Klara alikuja kambini kiangazi kilichofuata. Alikuwa mwanamke wa Ulaya aliyekuwa akichagua kazi za wasanii kwa ajili ya maonyesho, kwanza Lilongwe na baadaye nchini kwao. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kofia ya jua, na alikuwa akiuliza ruhusa kabla ya kuketi. Nilitandaza picha zangu. Za jezi na za kibanda cha simu alizitazama kwa tabasamu akaziweka kando. Kwa Kifaransa, lugha tuliyoweza kuelewana kwayo, alisema zilikuwa nzuri, lakini zingeweza kutengenezwa na mtu yeyote mahali popote, yeye alikuwa akitafuta kitu kinachotoka kwetu hasa. Vitenge tulivyovivaa vilichapwa mbali, jezi zilitoka mbali, Kifaransa kile chenyewe kilitoka mbali, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka mbali. Kisha akakifungua kile kikubwa. Akashika shavu la yule mtu kwa vidole viwili na kusema kwamba bibi yake alikuwa na koti la kitambaa hikihiki, alilokuwa akilivaa akimpeleka yeye shule wakati wa baridi. Alisema hivyo machozi yakimlenga, na mimi nikafikiri juu ya koti lile, lilivyovuka bahari ndani ya robota, likawa uso wa muuaji mezani kwetu, na sasa litarudi kwao likiitwa la kwetu.

Aliponialika Lilongwe kwenye maonyesho, nilitaka kwenda. Nilikuwa kijana, na hakuna aliyekuwa amewahi kunitazama kama Klara alivyonitazama baada ya kuona picha ile. Nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikaazima viatu, nikapelekwa Lilongwe kwa gari lake. Nyumba ya maonyesho ilikuwa kwenye mtaa wa miti mirefu, si mbali na ofisi za serikali za Capital Hill, yenye sakafu iliyong'aa hata niliona aibu kuikanyaga. Picha ilikuwa imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe na taa imeelekezwa usoni. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa amesimama. Mezani nilikuwa nikimshona amelala, akiwa vipande, na sasa alikuwa juu yangu, mkubwa, jicho limelala nusu, akitazama watu waliokuwa wakila vitafunwa. Wageni walinipa mkono, wakinishukuru, wengine kwa zikomo, wengine kwa merci. Bwana mmoja wa ofisi kubwa aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu huyu bado yuko hai. Nilisema sijui. Ndipo nilipoona simu zimeinuliwa, moja, nyingine, nyingine, na ule uso ukiwa ndani ya kila moja, mdogo, unang'aa. Nilijikuta nimerudi nyuma mpaka ukutani. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni vile viatu vya kuazima.

Leo vijana wa kambini wanachora ukuta mzima asubuhi na jioni picha imeonwa na watu wa mabara yote, na hawaoni ajabu. Sisi mwaka ule hatukujua kwamba picha inaweza kufika kwa watu wetu wa mbali kisha ikarudi nyumbani kabla hata aliyeishona hajarudi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa Fizi aliyehamia Norway aliiona, akaandika chini yake jina. Shemeji yake aliyeko Nairobi akaituma kwa dada yake aliyeko Dzaleka. Niliporudi kambini wanawake bombani walikuwa wameinamia simu moja, na nilipokaribia walininyooshea nisome. Jina lililoandikwa halikuwa jina tulilolijua, lakini chini yake wengine walikuwa wameongeza: huyu tunamjua, huyu anakaa hukuhuku, huyu ndiye Papa Daudi anayeuza maharage mji mdogo wa Mitundu na kuimba kwaya Dzaleka siku za Jumapili. Nilikimbia kwa Mama Wabiwa. Alisema hajawahi kumwona huyo Papa Daudi, yeye husali kanisa jingine na maharage hununua hapahapa kambini. Alisema pia kwamba watu wenye ukope uliolegea ni wengi. Lakini tangu siku ile alihamisha cherehani yake. Zamani alikuwa akikaa akiutazama ukuta. Sasa alikaa akiutazama mlango.

Mtu mwenyewe alikuja mchana, baada ya chakula, vyombo vikiwa bado mezani. Kwanza niliona kivuli, kisha mtu mfupi aliyevaa shati safi lililopigwa pasi, tai ya kwaya, kofia mkononi. Alisimama mlangoni. Wateja wote huingia na viatu vyao, maana sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Yeye aliinama, akavua viatu, akavipanga sawasawa kando ya kizingiti, visigino vikigusana, akaingia kwa soksi. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama soksi zile zikikanyaga vipande vya nyuzi. Alisalimu kila mtu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei, "Nani hapa njo anashonaka masura ya bantu?"

Alitaka kujua ni nani ndiye anayeshona sura za watu. Mashine zilikuwa zimenyamaza. Mama Wabiwa aliondoka kwenye kiti chake taratibu, akajivisha utepe wa kupimia shingoni, akasema, "Hapa tunashonaka manguo. Papa iko nataka nguo gani?"

Yule mtu alitabasamu. Alionekana kufurahi kwamba hakuna haja ya kuharakisha. Akasema basi atashonewa suti, ya kanisani. Na Mama Wabiwa akampima. Nimesimulia jambo hili kwa watu wachache sana, na kila ninapofika hapa nakosa maneno, kwa kuwa kilichofanyika kilikuwa kitu cha kila siku. Alimzungushia utepe kifuani. Alimwambia anyooshe mkono, akanyoosha. Alimpima mabega akiwa nyuma yake, shingo, kiuno, urefu wa mguu, akipiga magoti mbele yake, na kila kipimo alikisema kwa sauti yake ile ya chini ili mimi nikiandike kwa chaki mezani. Chaki ilivunjika mkononi mwangu. Yule mtu aliisikia ikivunjika na akageuka kunitazama, na ndipo nilipouona ule ukope. Ulikuwa kama nilivyoushona.

Alijua tayari kwamba ni mimi. Aliniuliza, "Ile sura, muntu alikuambia, ao uliona na macho yako?"

Nilisema niliitunga kichwani.

"Basi uandikie bale wazungu, useme ni ya kutunga. Bantu iko naniangalia mubaya mu soko." Akavaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba bila haraka, na akiwa bado ameinama akaongeza, "Unalalaka ku ile nyumba ya mulango ya bleu, pembeni ya bomba. Njo nilisikia." Aliuliza suti itakuwa tayari lini kwa kujaribu. Mama Wabiwa akamwambia. Akashukuru, akaenda zake.

Mama Wabiwa alirudi kwenye cherehani yake akakaa, akaanza kukanyaga. Hakukuwa na kitambaa chini ya sindano. Mguu ulikwenda, sindano ikapanda na kushuka juu ya chuma kitupu, na sisi tukamwangalia hivyo mpaka mmoja wetu akaushika mguu wake kwa mkono. Ndipo aliposema, "Njo yeye." Na baada ya muda, kama anayestaajabu, "Hakunijua."

Kuanzia hapo mwaka ule ninaukumbuka zaidi kwa mwili wangu kuliko kwa matukio. Sikulala tena kwenye nyumba ya mlango wa buluu. Nililala kwa rafiki, kisha kwa mwingine, kisha kwa Mama Wabiwa mwenyewe chini ya meza ya kukatia. Chakula kilikuwa kama karatasi. Nilijifunza kutambua watu kwa mwendo wao kabla hawajakaribia, na mpaka leo bado ninafanya hivyo hapa Mchesi, mteja akiingia najua tayari kama amevaa viatu vya ngozi au makubadhi. Tuliwaza kwenda kushitaki. Lakini kushitaki kungetaka mtu aseme: mimi ndiye niliyemwona. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu, Mama Wabiwa, na Papa Daudi alikuwa hajui kwamba yupo. Papa Daudi alikuwa na marafiki kwaya nzima, alikuwa amesaidia watu misibani, na wapo walioapa kwamba yule ni mtu wa Mungu na kwamba picha ile ni wivu wa wanawake. Huenda waliamini hivyo. Mimi mwenyewe kuna asubuhi nilizoamka nikiomba iwe hivyo.

Nilimpigia Klara simu. Nilimwambia yaliyotokea na kumwomba aiondoe picha mtandaoni. Aliiondoa siku ileile, na alilia, nilimsikia. Lakini ilikuwa kwenye simu za watu wengi mno, na kuiondoa ilikuwa kama kufuta jina lako kwenye ubao wa shule wakati darasa zima limeshalinakili. Kisha aliniuliza kama anaweza kuandika jambo hili kwenye maelezo ya ukutani kule kwao, bila kutaja majina. Alisema picha sasa ina nguvu kuliko mwanzo. Hakuwa mtu mbaya. Nimefikiri sana juu ya swali lile na sasa naona aliuliza kwa unyoofu, kwa sababu pale alipokuwa amekaa hofu ilikuwa kitu ambacho mtu anaweza kukitazama. Nilimwambia asiandike chochote. Moyoni niliamua kwamba nitakwenda Lilongwe na wembe nikaufumue uso ule wote.

Lakini siku ya kujaribu suti ilikuwa karibu, na Mama Wabiwa alikuwa akiishona. Hilo ndilo lililotushangaza sote. Aliikata kwa uangalifu uleule, kitambaa cha kijivu, akashikiza koti kwa mishono mikubwa ya muda, akaweka mkono wa kulia na kuuacha wa kushoto upimwe mwilini. Nilimuuliza kwa nini asimwambie yule mtu kwamba kitambaa kimekwisha, asije tena. Alinijibu huku akitia uzi kwenye sindano. "Akinijua mi peke yangu, nitakufa. Bantu bote bakimujua, yeye njo ataogopa." Halafu akaniomba nipite kwa akina mama wa Fizi, nyumba kwa nyumba, niwaambie waje siku hiyo na nguo yoyote ya kurekebishwa, na wakae.

Walikuja. Sijui wangapi, walijaza benchi, wakakaa chini, wakasimama kuta zote na nje ya dirisha. Wengine walileta watoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na kitambaa mapajani. Nilisimama karibu na meza nikiwa nimeshika pasi ya mkaa kwa mikono miwili, na nilitamani kukojoa, na niliona aibu kwa kutamani kitu kidogo kama hicho wakati ule. Papa Daudi alifika saa aliyoambiwa. Alisita mlangoni alipouona ule umati. Nilidhani atarudi. Lakini adabu yake ilimshinda, nadhani, au kiburi, akainama akavua viatu, akavipanga, akaingia.

Mama Wabiwa alimvalisha koti. Alikuwa na pini mdomoni. Alimgeuza kidogo kwa mabega, akavuta pindo, akachomeka pini moja kwenye kola, nyingine ubavuni, akazimaliza zote ili mdomo uwe mtupu. Alikuwa nyuma yake. Alianza kusema kwa sauti ileile tuliyozoea kuitegea masikio, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hata waliokuwa dirishani walimsikia.

"Papa, siku ile vilevile ulivua viatu. Ulivipanga muzuri ku mulango, sawa leo. Mi njo nilikupatia maji ya kunawa." Akangoja. "Bwana yangu aliitwa Mulondani. Wa Fizi. Naomba uniambie ulimuacha wapi."

Hakugeuka. Niliona shingo yake ikibadilika rangi juu ya ile kola iliyojaa pini. Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema taratibu jina la mtu mwingine, jina la kaka yake, na mwingine karibu na dirisha akasema la baba yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama Wabiwa hakuwa amewaita wawe kinga yake tu. Hawakupiga kelele. Walitaja majina tu. Papa Daudi alilivua koti, pini zikamchoma, akalishika hewani asijue amkabidhi nani, kisha akaliweka kwenye meza. Alisema kwamba tunamfananisha. Alisema hivyo mara mbili, bila kumtazama mtu. Njiani alikokuwa akipita wanawake walivuta miguu yao ili asiiguse. Mlangoni alijaribu kuvaa viatu, vidole vikakataa kamba, akavichukua mkononi na kutoka kwa soksi kwenye vumbi.

Hakuonekana tena kambini. Baada ya siku chache tulisikia duka lake la Mitundu limefungwa, wengine wakasema amekwenda Afrika Kusini, wengine wakasema yuko Lilongwe kwa jina jingine. Wanawake walishangilia. Mimi sikuweza. Kabla ya hapo nilijua mahali alipo, Jumapili kwaya, siku nyingine Mitundu. Sasa angeweza kuwa popote, na miezi ile iliyofuata nilimwona kila mahali, kwenye foleni, kwenye mgongo wa kabaza, kwenye madirisha ya magari. Mama Wabiwa naye alikuwa hivyohivyo ingawa hakusema. Kila alipoona viatu vimeachwa mlangoni mwa mtu, hata vya watoto, alivisukuma kwa mguu vikapishana.

Ruhusa ilipopatikana tulikwenda Lilongwe pamoja, yeye na mimi. Klara alikuwa amerudi ili afunge kazi zote zisafirishwe. Nilikuwa na wembe ndani ya leso. Mama Wabiwa hakuwa amewahi kuiona picha ikiwa imetundikwa. Alisimama mbele yake kwenye ile sakafu inayong'aa, mkoba umebanwa kifuani, muda mrefu hata Klara akaondoka kutuachia nafasi. Nilimngoja alie. Badala yake alisogea, akainua mkono wake wenye kovu la sindano, akapima kwa shibiri kutoka kidevuni mpaka utosini.

"Ulimufanya mukubwa," alisema. "Ni muntu mudogo. Mi nilimupima."

Tuliishusha picha sakafuni. Nilifumua uso kwa wembe, mshono kwa mshono, koti la kahawia likatoka vipande vipande, na chini yake kitambaa kilikuwa hakijafifia, kikaacha doa la umbo la kichwa. Kutoka kwenye mkoba wake Mama Wabiwa alitoa lile koti la kijivu lililokuwa na mkono mmoja. Alikuwa amekuja nalo bila kuniambia. Akalikata yeye mwenyewe. Alasiri nzima tulishona tukiwa tumekaa chini, migongo ukutani, tukamrudisha yule mtu kwenye picha akiwa mfupi, amesimama karibu na viatu vyake, ukope uleule, amevaa koti la kijivu lenye mkono mmoja. Nyumba sasa ilikuwa kubwa kuliko yeye. Sufuria lilikuwa kubwa kuliko yeye. Klara aliomba kutupiga picha tukishona na Mama Wabiwa akakataa kwa kichwa, na Klara akaiweka kamera chini, akatuletea maji.

Tulipomaliza alichuchumaa karibu nasi na daftari lake. Aliitazama kazi kwa muda, akaniomba kwa heshima nimwulize Mama: huu mkono mmoja uliokosekana, katika utamaduni wa watu wa Fizi, una maana gani? Nilitafsiri. Mama Wabiwa alikuwa akikusanya nyuzi sakafuni, akizibana kiganjani ili asiache uchafu kwenye nyumba ya watu.

"Umwambie," alisema, "hakurudi kuchukua."

Klara aliandika. Mama Wabiwa alisimama akijishika magoti, akajipangusa kitenge, akautazama mlango mkubwa wa vioo tulioingilia na magari yaliyokuwa yakipita nje. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumba ile haina mlango wa nyuma.